Uso wa Hana ulibadilika kabla ya mimba

Nayaandika haya kwa ajili ya mwanamke aliyeambiwa madhabahuni Jumapili kwamba mwakani, majira kama haya, atakuwa amempakata mtoto. Akaitikia amina kwa sauti, kisha akarudi nyumbani kuhesabu siku. Amina hizo nimeziitikia miaka mingi. Sina mtoto mpaka leo. Ila nina utulivu mbele za Mungu ambao zamani sikuwa nao, na nimeupata kwa kusoma habari ileile ya Hana, yule mwanamke tasa wa Biblia aliyemlilia Mungu akapata mtoto, iliyokuwa ikinichoma kila nikiisikia. Niliisoma kwa namna ambayo wengi hapa Dar hatujaizoea, kama habari ya mambo yanayotendeka ndani ya moyo wa msomaji mwenyewe. Namna hiyo ina faida zake na ina hatari zake, na zote nimeziona.

Mimi ni fundi cherehani, Tabata. Nashona sare za kwaya, nguo za harusi, sare za shule Januari ikifika. Mtaani kwetu kila mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la mtoto wake, Mama Neema, Mama Baraka; mimi niliitwa Fundi. Hawakuwa na nia mbaya. Lakini ukiitwa kwa kazi yako miaka nenda rudi huku wenzako wakiitwa kwa watoto wao, lile jina unaanza kulisikia kama hukumu.

Upande wa hospitali nitasema kwa ufupi, ila kuna jambo moja naomba mlishike: nendeni wawili. Nilipimwa homoni, nikafanyiwa kile kipimo cha kupitisha dawa kwenye kizazi ili mirija ionekane kwenye picha, nikafanyiwa upasuaji wa uvimbe, na muda wote huo mume wangu hakuwa amepimwa chochote. Alipokuja kupimwa, ikaonekana tatizo liko kwetu sote. Tungejua mapema tungeokoa fedha na, kuliko fedha, tungeokoa maneno mengi mabaya yaliyosemwa usiku chumbani. Upandikizaji wa mimba tulitajiwa zaidi ya shilingi milioni 10, bila uhakika. Hatukuwa nazo. Nilijiona niko peke yangu duniani. Baadaye nikaja kujua kwamba Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, linakadiria kuwa mtu mmoja kati ya sita hupitia ugumba wakati fulani wa maisha yake. Mmoja kati ya sita. Kwenye daladala ya Segerea iliyojaa tuko wengi, na kila mmoja anatazama dirishani.

Jumapili nilikuwa kwenye usharika wangu wa Kilutheri kama kawaida. Usiku wa Ijumaa nilikwenda kwenye mikesha mahali pengine ambapo sitapataja. Huko Hana alihubiriwa mara kwa mara. Hana aliweka nadhiri, nawe weka. Hana alitoa, nawe toa. Hela ya mchezo nilipoipokea niliipeleka yote siku ileile, fedha niliyokuwa nimeipangia cherehani ya pili. Usiku mmoja tuliambiwa tuje na nguo ya mtoto. Wenzangu walinunua Kariakoo. Mimi nilishona: kanzu ndogo ya pamba, ya njano, kwa kuwa hujui atakuwa wa kike au wa kiume. Shingo niliimalizia kwa mkono wala si kwa mashine, maana ngozi ya mtoto mchanga huchubuliwa na uzi mgumu. Tukaziinua juu nguo zetu, ukumbi mzima, tukalia mpaka sauti zikakauka.

Na palipohubiriwa Hana hapakukosa Penina, mke mwenzake mwenye watoto aliyekuwa akimchokoza. "Penina wako leo ananyamaza!" Mhubiri hakuwa na haja ya kutaja mtu, kila mmoja wetu alikuwa na wa kwake. Wangu alikuwa wifi yangu. Ana watoto wanne, na aliwahi kusema neno jikoni wakati wa msiba wa baba mkwe, neno ambalo sidhani hata analikumbuka. Nikamfungia maombi kwa jina lake, anyamazishwe. Simu zake nikaacha kupokea.

Mwaka ukapita, na mwingine. Nikafika mahali ambapo Samweli wa Kwanza ikisomwa ibadani natoka nje, nasimama chini ya mwarobaini mpaka somo liishe.

Aliyeniona pale nje ni mama mmoja wa jumuiya yetu, mwalimu mstaafu, ambaye sote tunamwita Mwalimu. Hakuniuliza kitu. Wiki hiyo akaja kibandani kwangu na kitenge cha kushonwa, akakaa kwenye benchi la wateja, akatoa Biblia yake, ile tafsiri ya Union ya mwaka 1952, jalada limeshikwa na gundi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nisomee Samweli wa Kwanza, sura ya kwanza. Macho yangu yamechoka."

Nilijua hayajachoka. Nikasoma mpaka mwisho.

"Hana alipata mimba aya ya ngapi?"

"Ya ishirini, Mwalimu."

"Na uso wake ulibadilika aya ya ngapi?"

Sikujua kama iko aya ya namna hiyo. Nikarudi juu na kidole. Aya ya 18: "Basi huyo mwanamke akaenda zake, akala chakula, wala uso wake haukukunjamana tena."

Mahubiri yote niliyokuwa nimeyasikia yaliruka kutoka aya ya 11, penye nadhiri, hadi aya ya 20, penye mtoto. Katikati pale yupo mwanamke aliyekuwa analia hata chakula hakipiti, anainuka, anakula, anarudi kwa watu wake, na tumboni bado hamna kitu. Nikabisha. Nikamwambia Mwalimu kwamba uso ulibadilika kwa sababu kuhani Eli alimwahidi mtoto. Akasema, "Soma tena. Eli anajua Hana ameomba nini?" Nikasoma tena. Hajui. Hana hakumwambia. Eli anamwombea Mungu ampe haja yake bila kujua haja yenyewe ni ipi. Hana alichomwambia ni kwamba ameimimina roho yake mbele za Bwana. Kazi ilifanyika hapo, kwenye kumimina, na hapo hakuna aliyemwona. Eli aliiona midomo tu ikitikisika, akadhani amelewa.

Nilishona kile kitenge kwa siku kadhaa nikiwa na hiyo aya kichwani. Nilikuwa nimeahidiwa aya ya 20 kwa miaka, na hakuna aliyewahi kunipa aya ya 18.

Tukaisoma sura hiyo moja kwa miezi, mimi na yeye, jioni kibandani. Utaratibu wake haukuwa na siri. Kwanza inasomwa kwa sauti, na unaeleza kilichotokea tu: nani alikwenda wapi, walikula nini, nani alisema nini. Hapo hakuna kuleta mafundisho. Ukianza kuhubiri anakunyamazisha. Mara ya pili unasikiliza ni neno gani linakukamata. Mara ya tatu anauliza wahusika hawa wako wapi ndani yako. Kisha kimya kirefu kidogo, sala fupi, na kila mtu anashika shughuli zake.

Swali la tatu ndilo lililonigeuza. Aliuliza Penina wangu ni nani, nami nikaanza kumtaja wifi. Akanikatiza kwa upole: "Wifi yako anakaa Mwanza, mwanangu. Aliyekuchokoza leo asubuhi ulipokuwa unachana nywele ni nani?"

Ilikuwa sauti yangu mwenyewe. Ndiyo iliyokuwa ikinihesabia umri mbele ya kioo, ikitazama matumbo ya wanawake kituoni, ikiniambia mume atachoka. Wifi alisema neno moja jikoni. Waliobaki kulisema usiku na mchana walikuwa ndani yangu. Nilikuwa nimefunga na kukesha ili mtu wa Mwanza anyamaze, wakati mchokozi nalala naye kitanda kimoja.

Baada ya hapo wengine wakajitokeza wenyewe. Elkana, mume wa Hana, ni ile sehemu yangu inayotaka nitulie haraka: si una mume mwema, si una kazi, si bora hayo kuliko watoto kumi? Yote kweli, na hayasaidii, kwa sababu yanaziba kilio kabla hakijafika Shilo, penye nyumba ya Bwana alikoomba Hana. Eli ni jicho linaloona midomo na kutoa hukumu. Jicho hilo ninalo, na wapo wanawake niliowahukumu hivyohivyo, kwa kuwaona tu. Hana mwenyewe ni sehemu ambayo bado inaweza kuomba. Nilidhani imekufa. Ilikuwa imefunikwa na kelele za wenzake.

Nilimpigia wifi simu. Haikwenda vizuri sana. Alitaka kujua kwa nini nilinyamaza muda wote huo, na habari za mikesha sikuweza kumweleza. Tunaongea sasa, si sana, ila tunaongea.

Niliogopa pia. Nimelelewa kuiheshimu Biblia kama neno la Mungu, na nilijiuliza kama kuwasoma watu wake kama sehemu za moyo si njia ya kuikana. Mwalimu akanipeleka kwa Paulo kwanza, Wagalatia 4, pale anapozungumzia habari ya Sara, mke wa Abrahamu, na mjakazi wake Hajiri, na kusema, "Mambo haya husemwa kwa mfano." Akanipeleka 1 Wakorintho 10, ambako ule mwamba wa jangwani uliotoa maji anauita Kristo. Yesu mwenyewe alizichukua siku tatu za Yona tumboni mwa samaki, na nyoka wa shaba wa Musa, akavisoma kama ishara za yatakayompata. Kisha Mwalimu akanisimulia habari za Augustino, mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale, Mwafrika mwenzetu, mzaliwa wa Tagaste katika Algeria ya leo, mwaka 354. Kijana msomi yule aliyadharau Maandiko, akiona habari za Agano la Kale hazina uzito, mpaka alipofika Milano na kumsikia Askofu Ambrosi akizifungua kwa maana ya kiroho na kurudia neno la Paulo: "andiko huua, bali roho huhuisha." Mwaka 387 Ambrosi akambatiza.

Aliyenigusa zaidi ni Origeni, mwalimu mwingine wa Kanisa la kale, wa Aleksandria, Misri, aliyezaliwa kama mwaka 185. Yeye aliichukua Hesabu 33, sura ambayo nilikuwa nairuka kila mwaka, ile orodha ya vituo 42 walivyopiga kambi Waisraeli kutoka Misri, akaihubiri kama safari ya nafsi, kituo kwa kituo. Nikaenda kuisoma. Wakasafiri, wakapiga kambi. Wakasafiri, wakapiga kambi. Mara, penye maji machungu, imeandikwa kama kituo, sawa na Elimu penye chemchemi 12 na mitende 70. Siku zote nilikuwa nadhani Mara ni ushahidi kwamba nimepotea njia. Kumbe imo kwenye orodha ya njia yenyewe.

Sasa hatari. Hapa naomba tusiende haraka.

Jirani yangu alisikia mahubiri kwamba baraka zake zimezuiwa na Hajiri aliyemweka ndani, amtoe. Jumatatu akamtoa dada wa kazi, binti wa Singida, kwa nusu mshahara. Nilimsindikiza mimi stendi ya Mbezi. Alikuwa na mfuko wa salfeti na amevaa sketi niliyomshonea Krismasi, na kila baada ya dakika chache ananiuliza, "Dada, kwani nimefanya nini?" Mhubiri yule alikuwa anasoma kwa mfano, kama Paulo. Lakini hakumsoma kwanza Hajiri wa Mwanzo 16: mjakazi Mmisri, anayeteswa hadi anakimbilia jangwani, na Mungu anamfuata huko kisimani, naye anamwita Mungu amwonaye. Ukimfanya alama ya kitu cha kufukuzwa kabla hujamwona kama mtoto wa watu, utafukuza mtoto wa watu. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alifundisha kwamba maana zote za kiroho za Maandiko lazima zisimame juu ya maana ya maneno yenyewe. Mwalimu hakutumia jina lake, alisema tu, "Kwanza kilichotokea," kila siku, mpaka nikawa naona kero. Stendi ya Mbezi nilielewa kwa nini.

Na alama ni ya kujisomea wewe. Usimpelekee mwenzako ya kwake, hasa aliye kwenye maumivu. Nimekaa matangani nikasikia mama aliyefiwa na mtoto akiambiwa kwamba huyo alikuwa Isaka wake wa kutolewa. Isaka alishuka mlimani mzima! Yule mama hakujibu, alivuta kanga usoni. Kama mwenyewe siku moja ataona kitu kwenye Mwanzo 22, ni kati yake na Mungu. Sisi kazi yetu ilikuwa kuosha vyombo na kukaa naye.

Hatari nyingine ni ya watu wa aina yangu, tuliopata faraja humu. Ni rahisi sasa kusema kwamba mtoto wa Hana ni alama tu, kwamba "uzao" ni amani ya moyo na basi. Sikubali. Hana alitaka mtoto wa kunyonyesha, akampata, akamnyonyesha mpaka akamwachisha. Sura ya 2 inasema baadaye alizaa wana watatu na mabinti wawili. Mimi nilitaka mtoto, na bado siku zingine nalia. Usomaji huu haukuifuta haja yangu wala haukuzibua mirija, na mwenye nafasi ya matibabu aende kutibiwa, asije akajificha nyuma ya Hana. Ulichonifanyia ni kwamba haja hiyo sasa naibeba mimi. Zamani ndiyo iliyokuwa inanibeba kunipeleka inakotaka, mpaka kwenye fedha za mchezo.

Siku hizi tunasoma watu kadhaa, Jumamosi asubuhi, zamu kwa zamu majumbani. Tuliporudi kwa Hana, mama mmoja mwenye watoto sita alikaa kimya mpaka mwisho, halafu akasema, "Mimi ndiye Penina. Nimezaa sita ili nipendwe." Hakuna aliyejua la kusema. Tukafungua tena aya ya 4 na ya 5. Elkana anampa Penina na watoto wake mafungu yao, Hana anampa mara mbili, kwa kuwa alimpenda. Habari ya kumpenda Penina haipo. Kila mwaka safari ya Shilo, kila mwaka mezani, anaona lile fungu likipita mbele yake. Miaka yote niliyoombea Penina anyamaze sikuwahi kuuliza anaumwa nini. Yule mama ananisaidia kuielewa ile sauti ya ndani yangu kuliko kitabu chochote: nayo inachokoza kwa sababu ina njaa. Tangu hapo siigombezi tena. Naiuliza inataka nini.

Kuna aya nyingine ambayo nadhani fundi cherehani tu ndiye angesimama kwayo. Sura ya 2, aya ya 19: Hana alikuwa akimshonea mwanawe Samweli kanzu ndogo, na kumpelekea mwaka kwa mwaka. Fikiria hiyo kazi. Mtoto anakaa Shilo, ulikomtoa kwa Bwana kama ulivyoweka nadhiri, wewe uko Rama, na unakata kitambaa cha mtoto anayekua bila kumpima. Unakadiria mabega. Unaacha pindo pana chini ili lifunguliwe. Ukikosea hutajua mpaka safari ya mwakani. Hana aliyekuwa analia kwa ajili ya kitu cha kushika, hapa anapenda bila kushika, kwa mikono, kwa mkasi na uzi. Ile kanzu yangu ya njano bado ninayo. Wapo walioniambia niichome na wapo walioniambia niigawe, wote kwa nia njema. Kila nikiisoma aya hiyo naitoa, naitazama shingo yake nilivyoimalizia kwa mkono. Ni kazi nzuri, na sioni sababu ya kuiharibu.

Anayetaka kuanza, asianze na Ufunuo wala Danieli. Alama za humo ni nyingi na wenye kuzigeuza ni wengi. Chukua habari yenye watu wachache na mwili ndani yake: Yakobo usiku ule kivuko cha Yaboki, Mwanzo 32, Naamani na ukoma wake, 2 Wafalme 5, Hajiri, Mwanzo 16. Soma sura nzima, usikubali kupewa aya moja. Ukiweza, soma kwa tafsiri mbili, Union na Habari Njema. Jiweke pia kwa mhusika usiyempenda, kwa kuwa huko ndiko kuna kazi. Soma na mtu mmoja walau atakayekwambia "hapana, hilo halijaandikwa." Na anayekuomba hela ili akufungulie maana, muage.

Mwisho wa kila kusoma, Mwalimu hutuagiza jambo moja la kufanya kwa mwili kabla ya Jumamosi inayofuata. Hana alikula chakula. Naamani alishuka Yordani, akajichovya. Yakobo aliondoka pale akichechemea, akaenda kuonana na kaka yake Esau, ambaye yeye Yakobo ndiye aliyekuwa amemdhulumu. Wiki hii mmoja wetu ameagizwa alipe deni la shilingi 20,000 la mama wa genge ambaye amekuwa akimkwepa kwa kupita njia ya nyuma, na mimi nimeagizwa niende Mwanza.